Bi Msasa na Vitovu Vyenye Kutu

Ukimkuta mwanamke amesimama mlangoni kwa watu, anasubiri kufunguliwa, na wakati huohuo anasugua kitasa cha mlango huo kwa ncha ya mtandio wake, usiulize jina. Huyo ni Bi Msasa. Jina alilopewa na wazazi wake lipo, lakini limebaki kwenye kitambulisho tu. Miaka yake yote ya kazi aliimalizia katika chumba kimoja cha hospitali, nyuma ya chumba cha upasuaji, akiosha mikasi, koleo na visu vya madaktari, akivichemsha na kuvipanga kwenye trei. Huko alijifunza kwamba kutu haina udogo. Alipostaafu hakuiacha tabia hiyo getini pamoja na kitambaa cha kazi. Alirudi nayo nyumbani, na sufuria zikaipata, geti likaipata, hata baiskeli ya muuza mkate, ambayo ilikosea kuegemezwa kwenye ukuta wake, nayo ikaipata.

Kitu kimoja tu hakikuguswa, nacho kilikuwa gari la mumewe.

Mumewe naye ana jina lake la mtaani, Mzee Baadaye. Alikuwa mtunza stoo, mtu mpole, mcheshi, asiyemgombeza mtu, lakini ukimwambia jambo lolote jibu lake ni moja. Bomba la jikoni livuje, atasema baadaye. Kweli lilivuja, likavuja, mpaka watoto wakakua wakidhani ndivyo mabomba yalivyo duniani. Ukimsukuma kidogo anakutolea methali yake: haraka haraka haina baraka. Bi Msasa alikuwa na ya kwake ya kumrudishia, kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo, na kwa methali hizo mbili walikuwa wameishi pamoja mpaka nywele zikawa nyeupe.

Gari lenyewe lilikuwa dogo, la rangi ya maziwa yaliyoingia chai kidogo. Mzee alilipenda kama mtoto wa mwisho. Alilifuta vumbi kila asubuhi, mlango kwa mlango, lakini kwa sababu hakupenda kuinama, hakuwahi kuona kilichokuwa chini. Rimu zake zilikuwa na matundu makubwa kama maua, na ndani ya matundu hayo vilionekana vitovu vya magurudumu, pale nati zinapokaa, vimejaa kutu nyekundu inayomeguka. Bi Msasa alikuwa akiviona kila alipofua nguo uani. Vilimkera kama mtu aliyevaa suti na kucha chafu.

Na alikuwa na sababu nyingine ya kuliangalia gari lile, kubwa kuliko kutu. Leseni ya udereva alikuwa nayo. Aliipata zamani kwa mshahara wake mwenyewe, akafaulu mara ya kwanza, na kila ilipokwisha muda aliihuisha, akaikunja ndani ya pochi kama mtu anavyotunza picha ya ujana wake. Lakini usukani hakupewa. Ufunguo ulikaa kwenye mfuko wa shati la Mzee, upande wa moyo, mchana kutwa, na usiku ulilala chini ya mto. Siku alipombana sana, Mzee alicheka akasema, "Mama watoto, gari si usukani tu. Siku utakayoweza kulitoa gurudumu na kulirudisha kwa mikono yako, siku hiyo ufunguo nitakupa. Tena mbele ya watu." Alisema hivyo kwa sababu alijua siku hiyo haipo.

Sasa, Bi Msasa alikuwa na dada mmoja, mkubwa wake, wa tumbo moja, na ndiye pekee aliyebaki. Dada huyo aliishi ng'ambo ya mji, juu ya kilima, na miguu yake ilikuwa imevimba kiasi kwamba kutoka kitandani hadi mlangoni ilikuwa safari. Basi linaishia sokoni, na kutoka sokoni hadi kwake ni mlima ambao magoti ya Bi Msasa yalishaukataa. Kwa hiyo alimwona dada yake siku Mzee alipokuwa tayari, na Mzee, mnamjua. Mama yao alipokuwa akifa, Bi Msasa alikaa amevaa, pochi mkononi, kwenye kiti cha sebuleni, huku mumewe akimalizia chai, akitafuta viatu, akikumbuka kwamba matairi yanataka upepo. Walipofika, mama alikuwa ameshafunikwa. Hakumlaumu mumewe kwa sauti. Lakini tangu siku ile kila aliposikia neno "baadaye" alikiona kile kiti, na sasa dada alipoanza kuzungumza kwenye simu kwa sauti nyembamba, aliogopa. Aliogopa hasa, kama mtoto.

Basi akaamua kulitoa gurudumu.

Alikwenda kwa fundi wa matairi wa njia panda, akajifanya anapumzika, akakaa kwenye tairi kuukuu na kutazama. Fundi alikuwa mtu wa maneno mengi, na mtu wa maneno mengi hafichi ufundi wake. Bi Msasa alijifunza kwamba nati hulegezwa gari likiwa bado limekaa chini, kabla ya jeki. Alijifunza kuweka jiwe nyuma ya gurudumu lingine ili gari lisitembee, na kwamba jeki peke yake si ya kuaminiwa, lazima uweke stendi ya chuma chini ya gari. Alipouliza kuhusu kupaka rangi, fundi aliacha kupiga nyundo.

"Mama, paka kitovu, paka mpaka ukome. Lakini pale breki inapouma, ile sehemu inayong'aa ya diski, usiiguse. Ukiipaka ile, gari halisimami. Na pale rimu inapokaa bapa, acha. Ukiweka rangi pale, nati zitakaza leo na kesho zitalegea."

"Na hizi skrubu zake?"

"Zifunge karatasi ya gundi. Rangi ikiingia kwenye meno ya skrubu, utanikumbuka."

Fundi akamwazima jeki, stendi na spana, akamuuzia kopo dogo la rangi nyeusi isiyoogopa moto. Mengine alikuwa nayo. Brashi ya waya, msasa na mswaki mkuukuu, hivyo nyumba ile haikuwahi kuvikosa.

Kila alasiri Mzee alikwenda kwa kinyozi. Si kunyoa, maana kichwani hakukuwa na kitu cha kunyolewa, bali kukaa kwenye benchi na kuzungumza. Alikwenda kwa miguu, ufunguo mfukoni, gari akaliacha uani. Alipokunja kona tu, Bi Msasa alikuwa tayari kwenye mkeka, ameikanyaga spana kwa mguu mzima kwa sababu mikono haikutosha. Nati ya kwanza ilipolia na kuachia, alicheka peke yake kama mtu aliyeiba embe. Gurudumu lilipotoka alilikumbatia, wakaanguka wote wawili kwenye mkeka, akalilaza pembeni kwa heshima. Kisha akakiona kitovu uso kwa uso.

Alikisugua kama alivyosugua koleo za upasuaji. Kutu ilimeguka magamba, ikawa unga mwekundu, ikamjaa puani. Waya kwanza, kisha msasa, kisha mswaki kwenye pembe, halafu kitambaa chenye spiriti mpaka kitambaa kikatoka cheupe. Akaifunga diski kwa gazeti, akazifunga skrubu, akapaka mkono wa kwanza mwepesi, akaacha jua lifanye kazi yake huku anapepeta mchele, akapaka wa pili. Ilipokauka akarudisha gurudumu, akazikaza nati kwa kuvuka, hii kisha ya mkabala wake, kama fundi alivyofanya. Mzee aliporudi alimkuta mkewe anaoga.

"Leo umeoga mapema," akasema.

"Joto," akajibu Bi Msasa kutoka bafuni.

Mpango wake ulikuwa kumaliza magurudumu yote, kisha kumwita Mzee uani na kumdai ahadi yake. Lakini Jumapili walipokuwa wakipita kwa kinyozi, Mzee akasimamisha gari kusalimia. Kinyozi alitoka na mkasi mkononi, akaliangalia gurudumu la mbele, akapiga mluzi.

"Mzee wangu! Umepaka kitovu! Kazi safi kama kiwandani. Ni wewe mwenyewe?"

Mzee Baadaye hakujua kitovu gani. Bi Msasa, aliyekaa kiti cha abiria, aliona sifa ile ikimwingia mumewe sikioni, ikashuka shingoni, ikamnyoosha mgongo. Kulikuwa na nafasi ya kusema ukweli, nafasi fupi kama kupenga kamasi. Ikapita.

"Aa, kidogo kidogo tu," akasema Mzee. "Mtu hawezi kukaa bure."

Bi Msasa akageuka dirishani, akaung'ata mtandio wake. Angeweza kumuumbua palepale. Lakini akaona kwamba Mungu amemletea kitu kitamu kuliko alichopanga, na kitu kitamu hakiliwi kwa pupa.

Kuanzia hapo nyumba ile ikawa mchezo wa kuigiza. Asubuhi Mzee alijifanya anafunga kamba ya kiatu karibu na gurudumu, akalichungulia, akaligusa kwa kidole, akakinusa. Kuuliza hakuweza, maana kuuliza ni kukiri. Alijiambia labda ni fundi wa matairi, labda alipotia upepo alimfanyia kwa heshima ya uzee. Wiki iliyofuata gurudumu la pili nalo likang'aa, na Bi Msasa akamwona anasimama mbele yake, mikono nyuma, kama mtu aliyekuta nyumba yake imezaa chumba. Kisha akavaa kofia, akaenda kwa kinyozi kupokea sifa za la pili.

Lilipofika la nne alikuwa ameshakuwa profesa. Bi Msasa alikuwa akipita nyuma ya kibanda cha kinyozi kurudisha jeki ya fundi, akasikia sauti ya mumewe ndani ikifundisha.

"Kutu ni kama mgeni asiyeaga. Humwondoi kwa maneno. Mimi nainua gari kwa jeki, nafungua nati, napaka rangi popote penye kutu. Diski, skrubu, kila kitu. Sibagui."

Bi Msasa alisimama. Kicheko kilichokuwa kinapanda kikarudi tumboni. Kisha akasikia sauti nyingine, ya jirani yao, mkaguzi wa shule mstaafu, mtu mrefu mwenye miwani na gari lenye kutu kuliko lao.

"Basi rafiki yangu, kesho alasiri nakuletea langu. Tufanye pamoja, nami nijifunze."

Ulisikika mkasi tu.

"Baadaye kidogo labda—" Mzee akaanza.

"Kesho," akasema Mkaguzi. "Umesema mwenyewe ni kazi ya saa moja."

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, na Mzee alikuwa ameshavua mpaka fulana. Jioni ile alikula vijiko vichache akasukuma sahani. Akamwangalia mkewe, akaangalia dari, akakohoa.

"Mama watoto. Vile vitovu vya gari."

"Vimependeza," akasema Bi Msasa. "Mtaa mzima unakusifu. Mimi nasema, nimeolewa na fundi na sikujua."

"Usinitanie. Ni nani aliyevipaka?"

"Si wewe?"

Mzee akainamisha kichwa. Bi Msasa akanyoosha mikono yake juu ya meza, chini ya taa. Kwenye kila ukucha kulikuwa na mstari mweusi ambao sabuni ilishindwa kuutoa. Wiki zote zile mume alikuwa amepokea sahani kutoka kwa mikono ile na hakuwahi kuitazama.

"Wewe?" akasema Mzee. "Magurudumu yote manne?"

"Niliyatoa na kuyarudisha. Kwa mikono yangu. Unakumbuka ulisema nini?"

Alikumbuka. Uso wake ulisema anakumbuka. Mkono wake ukapanda wenyewe kwenye mfuko wa shati, ukaufunika.

"Hilo tutalizungumza baadaye," akasema. "Kwanza tumalize hili la Mkaguzi. Utanisaidia?"

"Nitakusaidia," akasema Bi Msasa, akaanza kukusanya vyombo. "Baadaye."

Kesho yake Mkaguzi alifika mapema, amevaa ovaroli mpya yenye mikunjo ya dukani, amebeba jeki yake na brashi yake. Gari likaegeshwa uani kando ya lile la rangi ya maziwa. Bi Msasa alikaa kwenye ngazi ya mlango na sinia la maharagwe, anachambua, macho chini, masikio juu.

Mzee alipandisha gari kwa jeki kwanza. Kisha akaishika spana kwa mikono miwili, akavuta. Gurudumu likazunguka. Akavuta tena, likazunguka tena, likamrudishia spana kwenye ugoko. Mkaguzi alivua miwani, akaifuta, akavaa.

"Lazima lizunguke hivyo?"

"Linajinyoosha," akasema Mzee. "Ngoja ninywe maji."

Akaja kwenye ngazi, jasho linamtoka. Akainama kama anayetafuta kikombe.

"Nati zinakataa," akanong'ona.

"Zinakataa kwa sababu gurudumu liko hewani."

"Nifanye nini?"

Bi Msasa akatoa jiwe kwenye maharagwe, akalitupa. Kisha akalisogeza sinia mbele ya mumewe, akangoja. Wala hakuwa anacheka sasa. Mzee alimwangalia, na labda aliona kile kiti cha sebuleni na mwanamke aliyevaa tayari, maana macho yake yalibadilika. Akatia mkono mfukoni. Ufunguo ulikuwa na joto la kifua chake. Akauweka juu ya maharagwe, mbele ya mtu, kama alivyoahidi.

"Baba watoto!" Bi Msasa akapaza sauti, hata Mkaguzi akageuka. "Mbona leo unafanya kinyume? Si wewe uliyenifundisha kwamba nati zinalegezwa gari likiwa chini?"

Mzee alipepesa macho. Kisha akaelewa, na shukrani ikamjaa usoni mpaka masikioni.

"Ndiyo, ndiyo. Nilikuwa nakupima tu kama unakumbuka."

"Na jiwe nyuma ya gurudumu. Na stendi. Ulinifokea sana juu ya stendi."

"Nilimfokea kweli," Mzee akamwambia Mkaguzi.

Wakaendelea hivyo. Alipochovya brashi na kuielekeza kwenye diski, sauti ikatoka ngazini: "Si ulisema breki haipakwi, gari lisije likakataa kusimama?" Brashi ikageuka njiani. Alipotaka kupaka skrubu, akakumbushwa alivyomfundisha mkewe kuzifunga. Mkaguzi alisugua, akafuta, akapaka. Alikuwa amekaa nyuma ya madarasa maisha yake yote akitazama nani anafundisha na nani anasoma. Mwishowe akasema, bila kuinua kichwa, "Shemeji, mumeo ni mwalimu wa ajabu. Mwanafunzi wake anajua hata asichofundishwa." Mzee akacheka zaidi ya wote, na akachovya brashi tena.

Kitovu cha kwanza kilipokwisha, cheusi, kinang'aa, kikaachwa juani. Bi Msasa akainuka, akajipangusa maganda ya maharagwe, akaingia ndani. Alipotoka alikuwa amevaa viatu na pochi iko begani.

"Unakwenda wapi?" akauliza Mzee.

"Kwa dada."

"Basi nisubiri ninawe, twende wote baad—" Akajisikia mwenyewe, akafunga mdomo. Akaangalia mikono yake, myeusi mpaka viwikoni, na magurudumu matatu ambayo bado yalikuwa na kutu.

"Wewe kaa na mgeni wako," akasema Bi Msasa kwa upole. "Na wewe, shemeji, gari hili usilitoe hapa mpaka nirudi nizipitie nati."

Gari lilizimika mara moja kwenye geti. Mzee alifungua mdomo kutoa shauri, Mkaguzi akamkanyaga mguu. Likawaka tena, likatoka. Bi Msasa aliendesha polepole, ameshika usukani kama trei ya vyombo vilivyochemshwa, akapita kibanda cha kinyozi ambapo mkasi ulisimama hewani, akapita fundi wa matairi aliyempigia saluti kwa nyundo. Sokoni mabasi yalipoishia yeye hakuishia. Mlimani aliingiza gia ndogo, gari likanguruma, likapanda.

Dada alisikia injini. Ilimchukua muda mrefu kufika mlangoni, na Bi Msasa alimsubiri, safari hii bila kusugua kitasa. Mlango ukafunguka. Dada alishika fremu kwa mikono miwili, akaangalia gari, akaangalia kiti cha dereva kilichokuwa kitupu, akaangalia njia.

"Yuko wapi mumeo? Nani amekuleta?"

Bi Msasa alitaka kujibu kwa utani, na utani haukuja.

"Hakuna aliyenileta, dada," akasema. "Nimekuja."